Nilisema "Subiri": uso uliopinda, fundo la neva na hesabu ya wastani

Leo naomba niweke kando mambo ya kodi, seva na simu mpya. Kuna mada nimeikwepa kwa zaidi ya mwaka mzima kwa sababu kila nikianza kuiandika najikuta mimi ndiye mkosa. Lakini naona kosa lenyewe ni la kitaaluma, la mtu aliyesomea kompyuta na akadhani kujua kutafuta ni sawa na kujua. Basi nikalileta hapa, labda litamfaa mwingine.

Mama yangu mdogo anaishi Galu, kusini ya Diani, upande wa kuelekea Kinondo. Asubuhi huuza mahamri na mbaazi za nazi kwa watu wa bodaboda na vijana wanaokwenda kazini mahotelini. Jumamosi moja ya msimu wa kusi alianza kuumwa na sikio la kulia. Hakulijali. Jumatatu alfajiri akanywa chai, chai ikamwagika pembeni mwa mdomo. Akaenda kwenye kioo, akaona nusu ya uso wake imelala.

Galu habari haikawii. Jirani wa kwanza akasema ni upepo wa kusi, amelala dirisha wazi. Wa pili akasema ni jini, kwani si alipita njia ya mbuyuni magharibi? Wa tatu akasema kwa sauti ya chini kwamba ni kiharusi. Mama mdogo akawasikiliza wote watatu, kisha akanipigia mimi, niliyekuwa Nairobi kazini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe si ndiye msomi wa kompyuta? Hebu niangalizie humo, huu uso wangu umeingiwa na nini."

Nikamwomba awashe video. Nikamwambia ainue mikono yote miwili, ikapanda sawa. Nikamwambia ahesabu hadi kumi, maneno yakatoka wazi isipokuwa yale ya kufumba midomo. Nikamwambia anyanyue nyusi kama mtu aliyeshangaa. Upande wa kushoto paji la uso likakunjamana, upande wa kulia likabaki laini kama sahani. Akafumba macho, la kulia likabaki wazi nusu.

Nilifurahi, na leo naona haya kuyakumbuka. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimeipata. Kiharusi cha kawaida cha upande mmoja wa ubongo huacha paji la uso, maana misuli ya paji hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Paji likilala pamoja na jicho na mdomo, mara nyingi tatizo liko kwenye neva yenyewe ya uso, baada ya kutoka kwenye ubongo. Nikatafuta zaidi nikakuta jina la Charles Bell, tabibu wa Uskochi aliyeeleza kazi ya neva hii mwaka 1821. Kupooza kwa uso kunakoitwa kwa jina lake, ambako chanzo chake hakionekani, kulifuatiliwa kwa miaka 25 kule Copenhagen na daktari Erik Peitersen. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2002 yalihusu wagonjwa zaidi ya 1,700 wa aina hiyo ambao hawakupewa dawa yoyote, na asilimia 71 kati yao walirudi sawa kabisa.

Asilimia 71! Nikamwambia: "Si kiharusi mama, ni neva tu. Watu saba kati ya kumi hupona wenyewe. Subiri."

Sikumuuliza habari za sikio.

Jumatano vikatoka vipele vya maji ndani ya sikio na kwenye kingo zake. Akapaka mafuta ya nazi. Hakunipigia, kwa sababu msomi alishasema subiri. Akasubiri hadi Jumanne ya wiki ya pili, sikio likiwaka moto na jicho limekuwa jekundu, ndipo binamu yangu akamchukua kwa tuktuk hadi hospitali. Aliyempokea alimulika sikio kwa tochi, na kabla ya dakika moja akasema: "Mama, huu ni mkanda wa jeshi, umeingia kwenye neva ya uso. Mbona mmechelewa?"

Mama mdogo akajibu, "Nilikuwa nasubiri." Hakusema nani alimwambia asubiri. Haya aliniambia binamu, na nadhani mama mdogo hajui kwamba nayajua.

Sasa tuingie ndani ya mashine yenyewe, maana bila kuielewa hamtaona kwa nini siku nane ni nyingi.

Neva ya uso ni ya saba kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo. Ikishatoka kwenye shina la ubongo huingia katika mfupa mgumu ulio kando ya kichwa, ule unaobeba sikio la ndani, na kusafiri humo kama sentimita 3 kabla ya kutokea chini ya sikio na kutawanyika usoni. Njia hiyo ya mfupani inaitwa kwa jina la Gabriele Falloppio, Mwitaliano wa karne ya 16, yule yule aliyeacha jina lake kwenye mirija ya uzazi. Ni njia nyembamba ajabu. Penye finyu kabisa, mwanzoni mwake, upana wake haufiki hata milimita 1.

Mbele kidogo ya pale penye finyu, neva inapiga kona kali. Kwenye kona hiyo kuna uvimbe mdogo wa kawaida, ambao kitaalamu huitwa ganglioni, yaani fundo la neva. Jina lake la Kilatini limetokana na neno "goti", kwa sababu kona imejikunja kama goti. Mimi nitaliita fundo la goti. Ndani yake mna miili ya seli za neva zinazoleta ladha kutoka theluthi mbili za mbele za ulimi, pamoja na nyingine chache zinazoleta hisia kutoka sehemu ndogo ya ngozi ya sikio. Nyuzi zinazokunja misuli ya uso hazina makao humo. Zinapita tu, ubavuni mwa fundo, kuelekea usoni.

Kwa watu wa fani yangu, fikirieni chumba kidogo cha seva chini ya ngazi. Seva zilizomo zinashughulikia ladha na sikio, lakini kebo kuu ya jengo zima imepitishwa humo humo kwa sababu njia nyingine hakuna. Seva zikiwaka moto, anayekatika mawasiliano ni mpangaji wa ghorofa ya tano ambaye hana habari na seva hizo.

Chumba hiki kinalishwa vizuri na damu. Tawi moja dogo hutoka kwenye ateri inayolisha utando wa ubongo, jingine hupanda kutoka nyuma ya sikio kupitia tundu lile lile ambalo neva hutokea, na sehemu ya mwanzo ya neva hulishwa na ateri ya sikio la ndani, ambayo asili yake ni mishipa ya nyuma ya shingo. Mifumo miwili tofauti ya damu inakutana karibu na fundo hili, na kulizunguka kuna wavu wa mishipa midogo. Wavu huo una damu nyingi kiasi kwamba mtu mzima wa afya akipigwa picha ya MRI kwa dawa ya kung'arisha, fundo la goti huweza kung'aa bila ugonjwa wowote, na daktari wa picha lazima ajue hilo asije akatangaza uvimbe usiokuwepo.

Tena mishipa ya damu ya mafundo ya hisi haifanani na ya ubongo. Kwenye ubongo kuta za kapilari zimebanwa sana, hapiti mtu bila kitambulisho. Kwenye mafundo ya neva za hisi, kama yale ya uti wa mgongo ambayo yamechunguzwa zaidi, ukuta kati ya damu na neva ni mlegevu zaidi. Vitu vingi vya damuni hupenya. Basi si ajabu kwamba pembeni mwa mishipa hiyo, katikati ya miili ya seli za neva, wamewekwa walinzi wa kudumu. Hizo ni seli za kinga zinazoitwa makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza uchafu, kunusa hatari na kuita wenzake. Na kila mwili wa seli ya neva umefunikwa na seli ndogo za kuutunza, kama mtoto aliyefungwa kanga mgongoni.

Sasa virusi. Mtu akiugua tetekuwanga utotoni, vipele hukauka lakini virusi havitoki mwilini. Hupanda kwenye neva na kulala ndani ya mafundo ya hisi, miaka 20, 40, 60. Katika nchi za joto kama zetu wengi huupata ugonjwa huu wakiwa wakubwa kidogo kuliko watoto wa Ulaya, lakini mwisho ni ule ule, virusi vimelala kwenye fundo. Kinga ikishuka, kwa uzee, kwa ugonjwa, kwa VVU au kwa sababu ambayo haijulikani, virusi huamka. Vikiamka kwenye fundo la mbavuni, tunapata mkanda wa jeshi kiunoni. Vikiamka kwenye fundo la goti, hushuka kwenye ngozi ya sikio na kutoa vipele pale pale ambapo hisia za fundo hilo zinaishia. Mwaka 1907 daktari wa New York, James Ramsay Hunt, ndiye aliyeunganisha mambo hayo matatu, yaani sikio, vipele na uso kupooza, akalitaja fundo hili kuwa ndiyo makao ya tatizo. Huenda mlisikia jina lake Juni 2022, pale mwimbaji Justin Bieber alipoonyesha nusu ya uso wake isiyocheka.

Virusi vinapoamka, walinzi hufanya kazi yao. Makrofaji hutoa kemikali za tahadhari, mishipa ya damu hutanuka na kuvuja zaidi, chembe nyeupe huingia kwa wingi pamoja na maji. Mahali pengine mwilini hiyo ingekuwa habari njema. Kidole kikivimba, kinavimba. Lakini hapa fundo na neva vimo ndani ya mfupa, na mfupa hautanuki. Ni kama ugomvi ndani ya matatu ya abiria 14: hata wanaoingia kuamua wanazidisha msongamano.

Shinikizo likipanda, mishipa ya kutoa damu ndiyo hubanwa kwanza kwa sababu kuta zake ni laini. Damu inaingia lakini haitoki vizuri. Uvimbe unaongezeka. Mwisho hata mishipa ya kuingiza damu inabanwa, na nyuzi za neva zinakosa oksijeni. Uvimbe unazaa mbano, mbano unazaa uvimbe. Sisi tunauita mzunguko usio na sharti la kutoka, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameshaning'iniza kompyuta kwa kosa hilo. Hayo ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi, na yanaeleza pia kwa nini muda una thamani kubwa. Neva iliyobanwa kidogo huacha kupitisha ujumbe lakini bado ni nzima. Neva iliyobanwa siku nyingi, nyuzi zake hufa na lazima ziote upya.

Hapo ndipo dawa inapoingia, na hapo ndipo nina ugomvi na watu wa aina mbili.

Wa kwanza ni wale wanaosema, na niliwasikia hata kwenye familia yetu: "Usimpe stiroidi, zinaua kinga. Ana ugonjwa wa virusi halafu mnamshusha kinga?" Kwa akili ya kawaida wana hoja. Lakini wameona adui mmoja tu. Ndani ya njia ile ya mfupa, kinachobana neva ni sehemu kubwa uvimbe wa ulinzi wetu wenyewe. Prednisoloni hupunguza uvujaji wa mishipa na wingi wa seli zinazomiminika. Kwa upande wa kupooza kwa Bell, ushahidi ni imara. Jaribio la Uskochi lililochapishwa mwaka 2007 likiongozwa na Frank Sullivan lilichukua watu 551 ndani ya saa 72 za kuanza kupooza. Baada ya miezi 9, waliopewa prednisoloni walikuwa wamepona asilimia 94.4, na wasiopewa asilimia 81.6. Dawa ya virusi haikuongeza faida yoyote katika jaribio lile.

Kwa mkanda wa jeshi wa sikio, virusi vinajulikana waziwazi, kwa hiyo madaktari hutoa dawa zote mbili, ya uvimbe na ya virusi. Ile ya virusi, asiklovia, ni dawa ambayo mtu yeyote anayeandika kodi angeipenda. Ikiingia kwenye seli isiyo na virusi inakaa tu, karibu haifanyi kitu. Kinachoiwasha ni kimeng'enya cha virusi vyenyewe, kisha inajipachika kwenye nakala mpya ya jeni za virusi na kuikatisha katikati. Ni sharti la "kama" lililoandikwa kwa kemia. Gertrude Elion, ambaye maabara yake ndiyo iliyofungua njia ya dawa hii, alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Nobel ya tiba mwaka 1988.

Lakini asiklovia huzuia nakala mpya. Haifufui nyuzi zilizokufa. Mwaka 1997 Shingo Murakami na wenzake wa Japani walichapisha hesabu ya wagonjwa 80 wa mkanda wa jeshi wa sikio waliopewa dawa zote mbili. Walioanza ndani ya siku 3, asilimia 75 walipona kabisa. Walioanza baada ya siku 7, asilimia 30. Haikuwa jaribio la kupiga kura nani apewe lini, ilikuwa ni kuangalia nyuma kwenye mafaili, kwa hiyo tusizichukue tarakimu hizo kama maandiko matakatifu. Lakini mama mdogo alianza dawa siku ya nane. Nimeisoma sentensi ile ya asilimia 30 mara nyingi usiku.

Watu wa aina ya pili ninaogombana nao ni sisi wenyewe, watu wa kompyuta. Mimi wa kwanza.

Angalieni kosa langu kwa utulivu. Asilimia 71 ilikuwa kweli. Nilipoisoma nilikuwa kwenye ukurasa sahihi, wa utafiti sahihi. Lakini ilikuwa ni hesabu ya kundi la watu ambao chanzo cha kupooza kwao hakikuonekana. Mama mdogo hakuwa wa kundi hilo. Alikuwa na maumivu ya sikio tangu Jumamosi, ishara iliyotosha kunifanya niulize zaidi. Na hata angekuwa wa kundi hilo, waliobaki 29 katika kila mia ni watu, wana majina, wana biashara za mahamri. Wastani hukuambia habari za kundi. Haukuambii mtu aliye mbele yako amesimama upande gani wa hesabu. Tena tarakimu ya "watapona wenyewe" haikuwa jibu la swali nililopaswa kuuliza. Swali lilikuwa: je, kuna kitu kinachofaa kufanywa leo ambacho kesho kutwa kitakuwa hakifai tena?

Nilipomsimulia rafiki yangu wa kazini, jibu lake la kwanza lilikuwa lile ambalo ningelitoa mimi: "Tutengeneze programu. Mtu anajipiga picha, akili bandia inamwambia ni Bell au ni kiharusi." Nilitamani sana. Ningeandika kodi kama toba. Lakini hebu fikirini. Simu ya video, nyusi, mikono, asilimia, hiyo programu ilishakuwepo Jumatatu ile. Ilikuwa ni mimi. Na iliua haraka ya mgonjwa kwa kumpa jina la ugonjwa. Mashine inayokwambia "si kiharusi, tulia" ikikosea kwa mtu mmoja tu mwenye kiharusi, imemla zile saa chache ambazo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ingemfaa. Na ikipatia, kama nilivyopatia mimi, bado inaweza kumlaza nyumbani.

Kinachotakiwa Galu ni kidogo kuliko programu. Ni sentensi moja: uso ukipinda ghafla, nenda hospitali leo hii, usingoje kesho. Kama ni kiharusi, ni saa. Kama ni neva, ni siku 3. Hakuna tawi lolote kwenye mti huu wa maamuzi ambalo jibu lake ni "subiri". Programu ambayo kila njia inatoa jibu lile lile haihitaji akili bandia, inahitaji kipaza sauti.

Na kipaza sauti tunacho. Septemba 2023 serikali ya Kenya iliwapa wahudumu wa afya ya jamii karibu 100,000 mikoba ya vifaa na simu zenye mfumo wa kurekodi kaya wanazozitembelea. Mfumo huo umejengwa juu ya programu huria. Swali moja la ziada kwenye fomu, "Kuna mtu ambaye uso umepinda ghafla au ana vipele sikioni?", ni lini chache za kodi, na ningejitolea kuziandika bure.

Kipaza sauti cha pili wengi wenu mtakikataa. Ni mganga. Pwani ya kusini, uso ukipinda, wengi hupita kwa mganga kwanza, na kumtukana mganga hakujawahi kumharakisha mgonjwa yeyote. Mimi ningemwambia mganga: fanya kombe lako, soma unachosoma, lakini mgonjwa alale hospitali usiku huu. Upepo na jini hawagombani na prednisoloni. Muuza duka la dawa naye vivyo hivyo, na yeye nina ombi la ziada, asiuze vidonge vya stiroidi kwa kukisia. Dawa hizo hupandisha sukari, zina kipimo chake, na mwenye kisukari, vidonda vya tumbo au mimba anahitaji mtu aliyesomea.

Jambo la tatu ni haya. Tangu miaka ya 1980 na 1990, mkanda wa jeshi umebeba mnong'ono wa ukimwi katika Afrika Mashariki. Ni kweli kwamba kwa vijana unaweza kuwa ishara ya kinga iliyoshuka, na ni busara kupima. Lakini huwapata pia wazee wasio na VVU kwa maelfu. Mama mdogo alifunika vipele vyake kwa mtandio siku sita. Binamu aliniambia sababu: hakutaka watu wa Galu waseme. Basi si mimi peke yangu niliyemchelewesha, lakini hilo halinipunguzii kitu. Mtu mwenye aibu ndiye hasa anayehitaji jamaa wa kumwambia "nenda sasa hivi".

Na jicho, tafadhali. Uso ukipooza jicho halifumbi, na jicho lisilofumba hukauka hadi kioo chake kupata kidonda. Dawa ya matone mchana, mafuta ya jicho na plasta ya kulifunga usiku kwa maelekezo ya hospitali, ni vitu vya bei ndogo. Jicho la mama mdogo liliokolewa na plasta.

Uso wake je? Umerudi, sehemu kubwa. Mgeni hawezi kujua mpaka acheke. Akicheka jicho la kulia linajifunga lenyewe. Na kuna jambo jingine ambalo lilinichekesha kwanza kisha likaniumiza. Akila, jicho lile linatoa machozi. Nyuzi zilizokufa zilipoota upya, baadhi zilipotea njia. Zile zilizokuwa zikienda kwenye tezi za mate zimeingia njia inayochepuka pale pale kwenye fundo la goti kwenda kwenye tezi ya machozi. Harufu ya pilau ikimfikia, mwili unatuma amri ya mate na chozi ndilo linalotoka. Kebo zimechomekwa kwenye tundu za jirani, na hakuna wa kuingia mfupani kuzichomoa.

Idi iliyopita tulikaa mkekani Galu, sinia katikati. Nikamwona anajifuta shavu kwa upindo wa leso.

"Pole mama," nikasema.

"Pole ya nini? Hii ni pilau yanitoa machozi, si wewe." Kisha akanisogezea nyama.

Sijui kama anajua. Ila nawaambia nyinyi, wasomaji wangu: siku mtu akikupigia simu kwamba uso umepinda, usifungue ukurasa wowote. Mwambie apande tuktuk, kisha utafute nauli ya kumtumia.